Kinanda cha Babu na Harmonika ya Waslovenia: Somo Fupi la Ndimi za Chuma

Naandika kutoka jikoni kwetu, ghorofa ya tatu, bweni la wanafunzi wa uzamivu. Mhariri aliponiomba niandike kitu "cha uhandisi" nilimwambia sitaki kuwachosha na zege na nondo, nitaandika juu ya kinanda. Akacheka. Lakini atakayenisoma hadi mwisho ataona kwamba ni uhandisi mtupu, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe ambalo nusura liharibu kitu ambacho pesa haziwezi kununua.

Mambo yalianza hivi. Jumamosi moja ya baridi kali nilikuwa nasonga ugali, mara nikasikia muziki kutoka chumba cha pili. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Kwa dakika nzima ningeapa kwamba kuna mtu anapiga mwomboko, hapa hapa London! Nikaenda nikabisha hodi. Kumbe ni jirani yangu Mslovenia amekumbatia kodiani la vitufe, macho kayafumba, mguu unagonga sakafu. Akaniambia kwao linaitwa frajtonarica (tamka "fraitonaritsa") na kwamba alichokuwa akipiga ni polka. Nikamwambia, bwana, babu yangu kule Murang'a analo ndugu yake hili. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu: guka amekaa kwenye kigoda, kinanda mapajani, kofia kichwani.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukikutana jikoni kila Jumamosi. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyojifunza.

Kodiani, lakini kodiani gani?

Kwa wenzetu wa pwani kodiani si geni. Vikundi vya taarab vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club vimelipiga kwa miaka mingi pamoja na udi, ganuni na fidla. Lakini lile la taarab kwa kawaida lina funguo nyeupe na nyeusi kama za piano. Ukibonyeza ufunguo mmoja unapata sauti moja tu, usukume mvukuto au uuvute.

La babu na la jirani yangu ni la aina nyingine. Halina funguo za piano, lina vitufe. Na kila kitufe kina sauti mbili: moja ukisukuma mvukuto, nyingine ukiuvuta. Tena safu moja ya vitufe haina zile sauti zote kumi na mbili za piano. Ina saba tu, do, re, mi, fa, sol, la, ti, na zikirudia tena juu. Ndiyo maana huitwa kodiani la kidiatoni. Ukitaka kubadilisha ufunguo wa wimbo huna njia ila uwe na safu nyingine. La babu lina safu moja, vitufe kumi. La jirani lina safu tatu, na wako wenye nne.

Ulimi wa chuma

Hebu chukua rula ya plastiki, ibane kwenye ukingo wa meza, halafu ipige kwenye ncha. Inatetemeka, drrrrr. Ukiivuta ndani ibaki fupi, sauti inapanda. Hilo ndilo kodiani zima, mengine ni sanduku tu.

Ndani ya sanduku zimo ndimi nyembamba za chuma cha pua. Kila ulimi umekazwa upande mmoja juu ya kibati chenye ufa uliochongwa kwa kipimo cha ulimi huo, na upande wa pili uko huru. Hewa ya mvukuto ikipita, ulimi unaingia na kutoka ndani ya ufa mara mamia kwa sekunde, na kila mara unaikata hewa. Hewa iliyokatwakatwa hivyo ndiyo tunayoisikia kama sauti.

Wahandisi wa majengo mtaitambua mara moja: ni boriti iliyoshikwa upande mmoja. Kwa filimbi, urefu wa bomba ndio unaoamua sauti. Hapa anayeamua ni ulimi wenyewe. Ulimi mnene hutoa sauti ya juu zaidi, ulimi mrefu hutoa sauti ya chini, na urefu una nguvu kuliko unene: ukiurefusha ulimi mara mbili bila kubadilisha unene, mitetemo yake inashuka hadi robo. Shikeni na jambo hili moja, litatufaa mbele. Ukipunguza chuma kidogo kwa tupa karibu na ncha, ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ukipunguza karibu na shina, ulimi unapoteza ugumu na sauti inashuka.

Kila kibati kina ndimi mbili, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ulimi hulia hewa ikitokea upande wake tu. Ikitokea upande wa pili, kijingozi chembamba huuziba ufa ili hewa isipotee. Kwa hiyo mmoja ni wa kusukuma na mwingine wa kuvuta. Kwenye kodiani la taarab hao wawili ni mapacha, wana sauti ile ile. Kwenye la babu kila mmoja ana sauti yake.

Sukuma, vuta

Sasa jaribuni na mimi. Weka vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya meza, na mkono wa kushoto ujifanye ndio mvukuto. Kidole cha kwanza: sukuma ni do, vuta ni re. Cha pili: sukuma ni mi, vuta ni fa. Cha tatu: sukuma ni sol, vuta ni la. Cha nne: vuta ni ti, sukuma ni do ya juu. Vidole vinne tu na umemaliza ngazi nzima.

Mnaona utaratibu? Sukuma, vuta, sukuma, vuta, sukuma, vuta, halafu vuta tena, ndipo sukuma. Pale kwenye la na ti, kuvuta mara mbili mfululizo, ndipo kila mwanafunzi anapokwama. Mimi nilikwama wiki tatu. Na ukifika huko mvukuto umeishiwa nafasi, kuna kitufe cha hewa cha dole gumba ambacho huufungua au kuufunga bila kutoa sauti yoyote. Jirani yangu anasema mpigaji hodari hutambulikana kwa kitufe hicho, kwa sababu humsikii akikitumia.

Mkono wa kushoto una besi zake. Kwenye la safu moja, ukisukuma unapata besi ya do, ukivuta unapata besi ya sol. Maana yake ni kwamba wimbo, besi na pumzi vimefungwa pamoja. Huwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama mpiga fidla. Kila unapogeuza mvukuto sauti inakatika kidogo, na kule kukatika ndiko kunakoufanya mguu uinuke. Ndiyo maana niliisikia polka nikadhani ni mwomboko. Nyimbo zenyewe hazifanani. Kilichofanana ni pumzi.

Vienna, London na vijijini

Ndimi huru za namna hii ni za kale. Wachina walikuwa nazo kwenye chombo chao cha kupuliza kiitwacho sheng karne nyingi kabla Ulaya haijazichukua. Mwaka 1829 huko Vienna mtengenezaji wa vinanda Cyrill Demian alipata hataza ya chombo alichokipa jina la accordion. Nacho kilikuwa na tabia hii hii ya kusukuma sauti moja na kuvuta nyingine.

Mwaka huo huo hapa London alikuwepo Charles Wheatstone, kijana wa familia ya wauza ala za muziki, aliyepata hataza ya chombo cha kupuliza chenye ndimi hizo, na baadaye akabuni concertina ya Kiingereza. Ndiyo, ni yule yule wa daraja la Wheatstone mlilohangaika nalo kwenye maabara ya umeme! (Aliyelibuni kwanza ni Samuel Hunter Christie mwaka 1833, Wheatstone alilieneza.) Mwaka 1834 alifanywa profesa King's College. Yeye kwenye concertina yake alikata shauri jingine: kitufe kimoja, sauti moja, usukume au uvute. Mwenye Jumamosi ya bure na aende Horniman Museum kule Forest Hill. Mwaka 1996 walipata mkusanyiko mkubwa wa concertina, pamoja na madaftari ya kiwanda cha Wheatstone. Kuingia kwenye jumba lenyewe hulipi kitu, na sisi wanafunzi tunajua maana ya neno hilo.

Waslovenia wakati huo walikuwa chini ya utawala wa Austria, kwa hiyo kutoka Vienna hadi vijijini kwao hapakuwa mbali. Kodiani likaingia arusini, mavunoni na vilabuni, likaongezwa safu na besi nzito zinazonguruma kama tarumbeta kubwa. Safu zao hupangwa kwa hatua ya sauti nne, yaani fa ya safu moja ndiyo do ya safu inayofuata. Na wanacho kitufe kimoja cha pekee ambacho hutoa sauti ile ile ukisukuma na ukivuta, ili mpigaji apate pa kupumulia. Baadaye watu wa mjini wakaanza kukiona kama chombo cha washamba. Lojze Slak (1932–2011) alipounda kundi lake mwaka 1957 alikiweka mbele, na kikapendwa upya nchi nzima. Leo watoto wanashindana kukipiga, na wapo mafundi wanaokitengeneza kwa mikono. Mji mdogo wa Mengeš una historia ndefu ya kazi hiyo.

Na kwetu je? Kinanda kilikuja Kenya na walowezi na wamisheni, na askari waliorudi kutoka vita vya wazungu nao walikuwa wameusikia muziki wake. Vijana wa Kikuyu wakakichukua, wakaongeza karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma, na kufikia miaka ya 1940 mwomboko ulikuwa umesimama kama ngoma kamili: wawili wawili, hatua mbili kisha unainama. Wanaoijua waltz na ngoma za Waskoti wataziona humo ndani, lakini maneno, mzaha na malalamiko vilikuwa vyetu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mikusanyiko ikabanwa na vinanda vingi vikafichwa. Mwaka 1977 mwomboko ulipanda jukwaani Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ndani ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka ule ule.

Kwa hiyo chombo ni kile kile, na heshima ya muziki hatukupungukiwa. Tofauti niliyoiona mimi ni moja. Wao walijifunza kutengeneza na kurekebisha ndimi. Sisi tulipokea vinanda kutoka Ujerumani, cha babu ni Hohner, vikapigwa mpaka vikakohoa, halafu vikatundikwa ukutani. Kwenye kijiji chetu fundi wa redio yupo, wa baiskeli yupo, wa simu wako watatu. Wa kinanda hayupo hata mmoja.

Kosa langu

Desemba nilipoenda nyumbani nilikikuta kinanda cha babu juu ya kabati. Alikuwa hajakipiga kwa miaka tisa. Vitufe viwili vilikuwa bubu na vingine vinapiga mbinja. Babu ana miaka 85. Nikamwambia, "Guka, nipe nikipeleke Uingereza, mimi ni injinia." Akaniangalia sana, kisha akakifunga ndani ya shuka na kunipa.

Nikakifungua jikoni hapa. Vitufe kumi, kila kimoja kusukuma na kuvuta, na kila sauti ina ndimi mbili zinazolia pamoja. Jumla ndimi 40. Kutu nikaiondoa, vijingozi vilivyojikunja nikavibadilisha, vile vitufe viwili vikafufuka. Mpaka hapo sifa ni zangu. Kisha nikawasha programu ya kupimia sauti kwenye simu. La: ulimi wa kwanza mitetemo 440 kwa sekunde, wa pili 444. Nikasema, aha, hitilafu! Nikapima jozi inayofuata, nayo hitilafu. Zote ishirini zilikuwa na hitilafu. Nikakaa jioni nne na tupa ndogo, nakwangua kwenye shina, nashusha kila ulimi wa juu mpaka ulingane na mwenzake. Mmoja ulikatika mkononi, wa fa ya juu. Nilisikitika, lakini nilijiambia kazi ni safi.

Nikampigia babu kwa video. Nikapiga ule wimbo mmoja nilioujua. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, halafu akauliza, "Kijana wangu, kile kinanda changu kiko wapi?"

"Ndicho hiki, guka."

"Hapana. Changu hulia watu wawili. Hicho analia mtu mmoja."

Nilipomweleza jirani yangu alishika kichwa. Zile tofauti hazikuwa hitilafu. Ndimi mbili zikipishana kwa mitetemo minne, sauti huvimba na kunywea mara nne kwa sekunde. Ndio mtetemo mtamu ambao mafundi huweka makusudi, na kila fundi, kila kijiji, kina kipimo chake. Hesabu hiyo naijua tangu mwaka wa kwanza, nimeifanyia mtihani! Lakini sikuuliza chombo kilitakiwa kilie vipi. Nilikiuliza simu.

Na chuma kilichotoka hakirudi. Ilibidi nipandishe tena ndimi zile zile kwa kukwangua kwenye ncha, yaani kuzidi kuzikondesha. Namba za zamani nilikuwa nimeziandika nyuma ya risiti ya dukani, Mungu ni mwema, nikaweza kurudisha jozi kumi na tisa. Ulimi mwembamba huchoka haraka, kwa hiyo nimekipunguzia kinanda umri wake, sijui kwa miaka mingapi. Fa ya juu bado analia mtu mmoja. Babu kasema hilo si neno, atakikwepa kitufe hicho. Siku zile vipuri vilipokuwa havipatikani walikuwa wakikwepa vitufe vitatu, na watu walicheza mpaka kukakucha.

Kama nyumbani kwenu kipo

1. Usivute wala kusukuma mvukuto kwa nguvu bila kubonyeza kitu. Tumia kitufe cha hewa.

2. Usikiweke chini ya mabati palipo na joto, wala juani. Kwenye vinanda vingi vibati vya ndimi vimegandishwa kwa nta, nayo ikiyeyuka vinaanguka.

3. Unyevu ni adui. Kihifadhi pakavu, na usipake ndimi mafuta ya aina yoyote. Mafuta hunasa vumbi, na ulimi mzito hubadilisha sauti.

4. Kitufe kikiwa bubu, mara nyingi ni uchafu au kijingozi kilichojikunja. Anza na hivyo kabla hujagusa tupa.

5. Rekodi kila sauti, sukuma na vuta, kabla ya kufungua hata skrubu moja. Kisha mkalishe mwenye kinanda umuulize. Kama yu hai, huyo ndiye kipimo.

Mwezi Agosti nakirudisha nyumbani. Kabla ya hapo, kwenye jioni yetu ya utamaduni, jirani yangu amekubali kuja na frajtonarica yake, nami nitakuwa na kinanda cha babu, tutajaribu wimbo mmoja wa kwao na mwomboko mmoja wa kwetu. Babu atakuwa anasikiliza kwenye simu, kwa hiyo makosa tutayasikia papo hapo. Pete ya karing'aring'a ninayo. Mtu wa kuigonga ndiye hatuna. Mwenye mkono mwepesi anione jikoni, Jumamosi yoyote, ugali upo.